Msimbazi: kupunguza mafuriko mtaani kabla ya masika

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unashuka kutoka milima ya Pugu na kumwaga baharini penye Daraja la Selander. Maji yakifunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani, lawama huwaangukia wakazi wa bondeni, ilhali mengi yametoka kwenye mabati na nyua za walio juu. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 3,000. Ua ukisakafiwa wote, udongo haunywi chochote.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Kinga maji ya bati kwenye tangi. La lita 1,000 linazuia theluthi ya mvua hiyo, mradi liwe tupu kabla haijanyesha. Acha ukanda wa nyasi uani. Usijaze kifusi kwenye njia ya maji, yatahamia kwa jirani.

Mtaro wa mtaa uzibuliwe Februari. Anzeni kwenye mdomo wa kutokea maji, mkipanda juu. Mkianza juu, maji yatakimbia hadi penye kizibo na kufurika kwa watu wa chini. Kosa linalojirudia ni kuacha tope ukingoni: mvua ya kwanza hulirudisha lote. Litiwe kwenye viroba, liondoke na toroli siku hiyohiyo.

Kalavati mulikeni kwa tochi kutoka nje, mpime tope kwa fimbo yenye alama. Mtu asiingie ndani. Likibadilishwa, msikubali bomba jembamba zaidi. Kutoka sentimita 60 hadi 30, kwa mteremko uleule, linapitisha chini ya moja ya sita ya maji ya awali, si nusu kama wengi wanavyodhani. Wavu wa nondo hunasa chupa, ila usiposafishwa kila baada ya mvua, wenyewe unakuwa kizibo.

Mtoni, wachimba mchanga huangusha kingo. Mto unatanuka kuelekea nyumba, na tope linatua Jangwani, ambako ardhi ni tambarare, likipunguza kina. Pandeni mabingobingo, na mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila ujenzi, kama inavyotaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Anayetapisha choo mvua ikinyesha aambiwe waziwazi: kinyesi hicho kinaingia visimani na vyumbani mwa wenzake, na kipindupindu hufuata. Asiposikia, mjumbe ajulishwe siku hiyo.