Hita ya sola yenye gesi: isiwe ndani ya bafu

Mwezi wa saba huku Limuru jua linaweza kujificha siku nne mfululizo, na hapo ndipo hita ya gesi tuliyoiunganisha na tangi la sola inapotuokoa. Ila isifungwe ndani ya bafu, hata fundi akikwambia ndiyo njia ya bei nafuu. Ikiwaka inakula hewa ile ile unayoivuta, na hewa ikipungua hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Ukiwa unaoga kichwa kikaanza kuuma na kizunguzungu kikakushika, toka nje kwanza. Taulo utaitafuta baadaye. Yetu iko ukutani nje, chini ya kijipaa cha bati.

Chungulia moto wake mara kwa mara. Wa buluu ni sawa. Ukigeuka manjano na kuacha masizi, zima uite fundi.

Mtungi nao ukae nje, wima. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni. Ukiinusa usiguse swichi ya taa: funga mtungi, fungua milango. Kila nikibadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Viputo vikivimba, panavuja.

Na siku jua likirudi kwa hasira, zima gesi kabisa. Maji ya tangini yanaweza kupita nyuzi 60, na ngozi ya mtoto huungua ndani ya sekunde chache. Fungulia ya baridi kwanza, ndipo uongeze ya moto.