Namna ya Kuhesabu Ndege Wahamao Katika Pwani za Unguja na Pemba

Kuanzia Agosti hadi Novemba, kusi inapolegea na wakulima wakisubiri mvua za vuli, nyangwa (tambarare za matope zinazoachwa wazi maji yakipwa) na mafungu ya mchanga ya visiwa vyetu hupokea ndege wengi waliozaliana Siberia, Asia ya Kati na Uarabuni. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwahesabu, si namna ya kuwasaka walio adimu. Shughuli hizo mbili hazipatani, kwani anayekimbilia ndege adimu aghalabu hurudi nyumbani bila idadi inayoweza kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Nitatumia Ghuba ya Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, kuwa mfano, ingawa utaratibu ni uleule kwa Ghuba ya Menai na kwa pwani za Pemba.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa kufuata maji

Maji yanapokupwa, ndege hutawanyika kwa kilomita nyingi wakitafuta kaa na nyungunyungu wa baharini, na hapana mtu awezaye kuwahesabu wote. Maji yanapojaa, husukumwa na kukusanyika kwenye maeneo machache makavu, na hapo ndipo hesabu huwezekana. Kwa hiyo usipoteze muda siku ya maji mafu, yaani maji yanapojaa kidogo tu, kwa sababu sehemu ya wangwa hubaki wazi na ndege hawana haja ya kukusanyika. Usichague pia kilele cha bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote, maana fungu lenyewe wanalolitegemea huweza kufunikwa, nao wakaingia ndani ya mikoko usiwaone.

Mimi hupendelea siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwandamo. Katika bandari ya Unguja, siku ya mwezi mpevu maji hujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku iliyotangulia hujaa mapema kwa takriban dakika 50. Siku hizo, basi, maji hujaa baina ya saa nane na nusu na saa tisa na robo alasiri, na aliyesimama upande wa kijiji cha Chwaka, magharibi mwa ghuba, akiangalia mashariki huwa na jua mgongoni, jambo linalorahisisha sana kuona rangi za miguu na midomo. Tazama jedwali la maji la bandari, lakini kumbuka kwamba ndani kabisa ya ghuba maji huchelewa kufika.

Hatua ya pili: tafuta mahali wanapopumzika

Waulize wavuvi, wakulima wa mwani na kina mama wanaochokoa pwani: maji yakijaa, ndege hukaa wapi? Jibu lao litakuokolea muda mwingi kuliko ramani yoyote. Ukiwa mgeni katika kijiji, pita kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, umweleze unachofanya, kwa sababu mtu mwenye darubini anayeandika mambo kwenye daftari huzua maswali, na maswali hayo ni ya haki.

Keti mbali, mita 150 au zaidi, mahali ambapo umbo lako halitajitokeza mbele ya anga. Ndege wakiacha kuchambua manyoya na kunyoosha shingo wote kwa pamoja, umeshasogea kupita kiasi. Rudi nyuma taratibu. Kundi likiruka, hesabu ya siku hiyo huharibika, na ndege waliosafiri maelfu ya kilomita hupoteza nguvu bure.

Hatua ya tatu: vifaa

Darubini ya mkono yenye ukuzaji wa mara 8 au 10 inatosha kuanzia. Teleskopu yenye miguu mitatu ni bora zaidi, ila si lazima. Chukua daftari, penseli (wino huyeyuka kwa chumvi na jasho), kofia na maji ya kunywa.

Hatua ya nne: wajue wachache kwa uhakika

Wengi wetu huwaita ndege hawa wadogo vitwitwi bila kuwatofautisha. Anza na wale wasiochanganywa kirahisi. Sululu, *Numenius phaeopus*, ana mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini na michirizi kichwani, na mluzi wake ni wa sauti fupi zinazofuatana haraka, mara nyingi saba hivi. *Dromas ardeola*, ndege mla kaa, ni mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene mweusi na miguu mirefu ya kijivu. Huyu hutaga katika mashimo anayochimba mchangani kwenye pwani za Bahari ya Shamu, Uarabuni na Somalia, kisha huja kwetu na mtoto wake. Mtazame kwa makini: yule mwenye mgongo wa kijivu ni wa mwaka huo, na utamwona akimfuata mzazi huku akilialia hadi apewe kaa. Wahesabu wadogo na wakubwa kila mmoja kwa safu yake, kwa kuwa uwiano huo unaonyesha kama mazalio yalifanikiwa.

Kisha ongeza *Arenaria interpres*, mwenye miguu ya rangi ya chungwa na tabia ya kupindua mwani na vijiwe, na *Calidris ferruginea*, ambaye akiruka huonyesha kiuno cheupe. Mnamo Agosti wakubwa wa aina hii huwa bado wana mabaka mekundu kama tofali tumboni. Wadogo wa mwaka hufuata baadaye, Septemba na Oktoba. Wapo vitwitwi wawili wa mchangani kutoka Asia, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, ambao kwa mbali huwababaisha hata wazoefu. Usibahatishe, waandike pamoja.

Hatua ya tano: hesabu

Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa. Ndege huwasili kwa vikundi vya kumi, kumi na tano au thelathini, na ni rahisi mno kuhesabu vikundi vinavyoingia kuliko kundi lililokwisha kubanana.

Wakishatulia, pitisha darubini kutoka kushoto kwenda kulia, aina moja kwa kila mpito. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi mmoja mmoja, uone wanachukua nafasi kiasi gani, halafu isogeze nafasi hiyo kundi zima. Angalia kwamba katikati hubanana kuliko pembeni. Usipozingatia hilo, utapunguza idadi. Rudia mara tatu na uchukue idadi ya katikati.

Kundi likiwa na mchanganyiko, hesabu jumla kwanza, kisha chambua aina katika sehemu kadhaa za kundi, kwani kila aina hupenda kusimama na wenzake na ncha moja haiwakilishi kundi zima. Ghuba ikiwa pana, wahesabu wawili wasimame pande tofauti kwa wakati mmoja na waandike saa ya kila kundi linaloruka, ili ndege walewale wasihesabiwe mara mbili.

Hatua ya sita: andika

Andika tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, saa ya maji kujaa, upepo, na usumbufu wowote, iwe boti, mbwa au watalii wenye tiara za kuteleza majini. Aina uliyoitafuta usiione, andika sifuri. Usiyemtambua, mwandike kuwa hakutambuliwa. Ukimwona ndege mwezi wa Juni, usimtangaze kuwa ameshawasili. Wadogo wengi hubaki huku mwaka wao wa kwanza.

Rudia mahali palepale, kwa hali ileile ya maji, kila mwezi. Aliyezoea hivyo tangu Agosti atakuwa tayari kwa hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza 1967 na kufanywa kila Januari, ambayo sasa inaratibiwa na shirika la Wetlands International. Takwimu unaweza kuziingiza kwa simu katika eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, lakini karatasi ya penseli usiitupe, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ni wapi ulihesabu mmoja mmoja na ni wapi ulikadiria.