Mtoto anaenda kulazwa kwa operesheni? Zingatia haya kabla hamjatoka nyumbani

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto na kila wiki napokea watoto wa operesheni za kupangwa, yaani zile ambazo tarehe ilijulikana mapema, mafindofindo, ngiri, meno, vitu kama hivyo. Na kila wiki nakuta kitu kilekile, begi limepangwa vizuri kabisa, nguo zimekunjwa, kadi ipo, ila mtoto mwenyewe hajui kaja kufanya nini. Kaambiwa wanaenda kutembea. Anafika, anaona watu wenye sare, anamwangalia mama yake usoni, na kuanzia hapo hamwamini mtu tena hata yeye mama. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kabla ya begi anza na maneno.

Usimwambie haitauma. Najua inatoka kwa upendo, ila ile sindano ikiuma kweli umeshaumbuka, na ya pili itabidi tumshike watu 3. Mwambie ukweli mfupi, itauma kidogo kama kufinywa afu itaisha na mimi nitakuwa nimekushika. Lini umwambie inategemea umri. Wa miaka 2 mwambie siku moja kabla au mbili maana kwake wiki ijayo haina maana yoyote, wa miaka 3 mpaka 5 siku tatu nne zinatosha, wa shule mpe kama wiki nzima aulize maswali yake, na huyu wa miaka 13 kwenda juu usimfiche kitu tangu siku ya kwanza, akae hapo daktari anapoongea na yeye aulizwe. Wa umri huu huwa anawaza kovu, na nani atamwona bila nguo, japo hatasema.

Hawa wa miaka 3 mpaka 6 naomba niwaongelee zaidi. Akili yao umri huo inaunganisha mambo kwa namna yake, kikitokea kibaya basi yeye ndo kasababisha. Nakumbuka kijana mmoja wa miaka 4, tumeshamwekea kanula, yaani kile kimrija cha kwenye mshipa wa mkono, na bendeji juu yake, akawa anaugeuzageuza mkono anauangalia, afu akaniuliza kwa sauti ndogo, "ni kwa sababu nilimwaga maji?" Juzi yake nyumbani alimwaga maji akafokewa. Siku mbili nzima yule mtoto alikuwa anaamini analetwa kuadhibiwa na hakuna aliyejua. Kwa hiyo sema hata kama hajauliza, hujakosea kitu, hii siyo adhabu. Na tafadhali acha kabisa ile ya ukisumbua namwita nesi akuchome sindano, inakuja kutugharimu sote siku kama hii. Angalia pia maneno yenyewe, ukisema watakukata yeye anaona kisu cha jikoni, ukisema utalala afu hutasikia kitu mweleze ni usingizi wa dawa, sio ule wa kila usiku, na kwamba ataamka, la sivyo ataogopa kulala hata akirudi nyumbani. Chukua mdoli umfunge bendeji, mwache yeye awe daktari, hapo utasikia anachoogopa.

Mdogo kabisa hahitaji maelezo, anakuhitaji wewe. Kuanzia kama miezi 8 hivi mtoto anajua kabisa wewe ni nani na mgeni ni nani, na mpaka miaka 3 kuachwa ndo kunamuumiza kuliko hata kidonda. Uingereza miaka ya 1950 mtafiti mmoja, James Robertson, aliwaangalia watoto walioachwa hospitali peke yao akaeleza wanavyopita, kwanza analia na kupinga, afu ananyamaza, na watu wa wodi wakawa wanasema huyu ameshazoea. Hajazoea, amekata tamaa. Ripoti ya Platt ya mwaka 1959, ya kamati ya serikali ya hukohuko, ndo ikasema wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao muda wowote. Wewe basi uliza mapema kabla ya siku yenyewe, nani analala na mtoto, mnaweza kupokezana, unaruhusiwa kuwa naye mpaka apewe nusu kaputi na kuwepo akiamka. Na yule ndugu anayebaki nyumbani naye aambiwe.

Sasa mwili. Suala la kufunga kula ndo linaahirisha operesheni nyingi. Kawaida chakula na maziwa ya kopo mwisho masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2, sehemu nyingine siku hizi wanaruhusu maji mpaka lisaa limoja kabla, kwa hiyo fuata ulichoandikiwa na hospitali yako. Sababu ni kwamba akiwa kwenye usingizi wa dawa kilicho tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Ila kufunga kupita kiasi nako ni mateso, mwamshe mchanga anyonye kabla muda haujafika, na kagua mifuko ya nguo, kuna biskuti huwa inaliwa njiani mzazi hana habari. Ikitokea kala, sema, hatutakugombeza.

Sema pia kama amekohoa au kupata homa wiki hizi za karibuni, kama kuna dawa inamletea vipele, dawa zote anazokunywa hata za mitishamba, na kama alizaliwa kabla ya wakati. Jino linalocheza litaje kwa mtaalamu wa usingizi maana linaweza kung'oka wakati wa kuweka mpira wa kupumulia. Rangi ya kucha itoe, ile klipu ya kidoleni inapima oksijeni kwa mwanga. Uzito tutapima wenyewe kwa sababu dozi za watoto zinapigwa kwa kilo, usikadirie.

Kwenye begi weka kile kitambaa au mdoli anaolala nao na usiufue, harufu ya nyumbani ndo dawa yenyewe. Niandikie kwenye karatasi neno analotumia akitaka kukojoa, anavyobembelezwa, na anakuwaje akiwa na maumivu. Kuanzia miaka 3 hivi wengi wanaweza kutuonyesha kwenye picha za nyuso inauma kiasi gani, chini ya hapo tunasoma uso, miguu na kilio, ila wewe unamjua, kuna mtoto akiumwa sana ndo ananyamaza kabisa. Wakati wa sindano omba umpakate kifua kwa kifua badala ya kumlaza chali, na anayenyonya anyonye palepale kama bado anaruhusiwa, maumivu yanapungua kweli.

Mkirudi nyumbani usishtuke akianza tena kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo yako au kuota ndoto mbaya, kwa wengi inapungua ndani ya wiki chache, usimcheke wala kumchapa. Kabla hamjaruhusiwa hakikisha umeandikiwa dawa ya maumivu ni kiasi gani na kila baada ya masaa mangapi, dalili zipi zinamrudisha hospitali, na namba ya kupiga usiku, ihifadhi kwenye simu ukiwa bado umesimama pale kaunta.