Somo: Jinsi ya kupima ubora wa maisha ya mgonjwa wa moyo mkubwa, hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni. Somo hili limeombwa sana na manesi pamoja na ndugu wanaouguza majumbani, ngoja niliweke lote hapa mtu asome kwa nafasi yake.

Naongelea moyo kushindwa kufanya kazi, ule ugonjwa huku kwetu Tanga watu wanaita moyo mkubwa au moyo umetanuka. Hapa nchini presha ndo inaongoza kuuleta, wengine valvu ziliharibika tangu utotoni kwa homa ya baridi yabisi, na wapo kina mama unaowakamata mwisho wa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Ni ugonjwa wa kuishi nao, haumeziwi dozi ya wiki ukaisha, kwahiyo mi naona swali la kuuliza kila kliniki sio tu moyo unasukuma asilimia ngapi kwenye eko (kile kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), ni huyu mtu anaishije. Unaweza kumkuta mtu eko yake inasoma 30 na anaenda soko la Mgandini kwa miguu anarudi na kikapu chake, mwingine inasoma 50 na akiinama kuvaa viatu pumzi inakata.

Mtasema si kuna madaraja ya NYHA (ya chama cha moyo cha New York, yanapanga wagonjwa kwa jinsi dalili zinavyowazuia shughuli), la kwanza mpaka la nne. Ni kweli yapo tangu 1928 na yanasaidia, ila daraja anatoa daktari kwa anavyoona yeye. Hapa tunataka mgonjwa ndo ajipime.

HATUA YA 1: Chagua dodoso (karatasi ya maswali)
Yapo mawili yanayotumika sana duniani kwa ugonjwa huu. La Minnesota, lilitengenezwa mwaka 1984, lina maswali 21 na kila swali alama 0 hadi 5, jumla inaishia 105, linauliza mwezi mmoja uliopita. La pili ni la Kansas City, kwa kifupi KCCQ, lilitoka mwaka 2000 na maswali 23 yanayoangalia wiki mbili zilizopita, halafu mwaka 2015 likaja fupi la maswali 12, KCCQ-12. Kwa kliniki zetu ambazo foleni inafika mpaka nje mi nashauri hilo la 12, dakika chache umemaliza.

Sasa SHIKENI HII: la Minnesota alama zikipanda ndo hali MBAYA, la Kansas City zikipanda ndo hali NZURI. Ukiandika kwenye faili "alama 70" bila kutaja dodoso gani basi hujaandika kitu, na anayekuja zamu baada yako anaweza kumpongeza mtu anayezidiwa.

HATUA YA 2: Pata ruhusa na tafsiri rasmi
Haya madodoso yana wenyewe. Unaomba kwao, unapewa toleo la lugha iliyohakikiwa, usikae na rafiki yako mkatafsiri jioni moja. Tafsiri ya kweli inatafsiriwa kwenda, mtu mwingine anairudisha lugha ya kwanza bila kuona ile ya mwanzo, wanalinganisha, halafu wanakaa na wagonjwa wenyewe kuuliza umeelewaje hapa. Kuna sababu. Kuoga kwa bomba la mvua sio sawa na kuoga kwa ndoo uliyoichota mwenyewe kisimani, na mzee wa miaka 70 ukimuuliza habari za kukimbia mchaka mchaka atakushangaa.

HATUA YA 3: Andaa mahali na muda
Muulize KABLA hajaingia kwa daktari, kabla hajaambiwa majibu ya vipimo, maana akishaambiwa eko imeshuka kila jibu litakuwa na huzuni. Akae kwanza apumzike, asiwe ametoka kushuka daladala ya Pongwe sasa hivi anahema. Na muombe ndugu asubiri nje kwa heshima, "dada nisamehe, naomba nikae na mama dakika kumi". Ndugu wengi wanaelewa.

Mwezi wa Ramadhani andika pembeni kwamba mgonjwa alikuwa amefunga au la. Wiki mbili za mfungo usingizi unabadilika, saa za dawa zinabadilika, usije ukalinganisha na mwezi wa kawaida ukadhani dawa ndo imefanya.

HATUA YA 4: Uliza
Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo kipimo kinapoharibika.

Watu wa pwani tumelelewa kutolalamika. Unamuuliza bibi, wiki mbili hizi miguu imevimba mara ngapi, anakujibu "Alhamdulillah mwanangu, tunamshukuru Mungu". Hilo sio jibu la dodoso, hiyo ni adabu yake na imani yake. Nesi mwenye haraka anaweka tiki kwenye "haikuvimba" anaendelea, na bibi anarudi nyumbani Makorora na miguu yake ile ile ambayo ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Cha kufanya, itikia, "Alhamdulillah bibi, tushukuru", kisha msomee tena swali LILE LILE na majibu yake yote moja moja, kila asubuhi, mara tatu au zaidi kwa wiki ila sio kila siku, mara moja au mbili, chini ya hapo, haikuvimba kabisa. Halafu nyamaza. Usimsaidie. Ukimpa nafasi utaona anatazama miguu yake, anahesabu kimoyomoyo, ndo anakwambia "asubuhi, asubuhi nyingi".

Usibadilishe maneno ya swali kwa sababu mgonjwa hajaelewa, rudia taratibu. Na usiongeze ya kwako kama "lakini si afadhali kuliko mwezi uliopita?", hapo umeshamjibia.

Kitu kingine ni swali la mambo ya chumbani. Dodoso la Minnesota linalo, la Kansas City la 23 linalo pia, lile la 12 limeliacha. Kama unatumia yenye swali hilo na wewe ni binti wa miaka 24 unamuuliza mzee aliyelingana na babu yako, mpe karatasi aweke alama mwenyewe, au aulizwe na mwanaume mwenzake mtu mzima. Lisirukwe kimya kimya, maana lina uzito kwenye ndoa za watu na wengine wanaacha dawa kwa sababu hiyo bila kusema.

HATUA YA 5: Kokotoa
Tuchukue KCCQ-12. Lina sehemu nne: mwili, dalili, maisha na mtu anavyoyaona, na mambo ya kijamii. Kila sehemu unaigeuza iwe 0 hadi 100. Kwa maswali yenye majibu 1 hadi 5, chukua wastani, toa 1, gawa kwa 4, zidisha kwa 100.

Tuseme mama mmoja kwenye mwili kajibu kuoga 4, kutembea mita mia moja 3, na kuharakisha kajibu 6, yani hafanyi kabisa au anazuiwa na sababu nyingine. Ile 6 SIO alama, inahesabiwa kama swali lisilojibiwa. Unabaki na 4 na 3, wastani 3.5, toa 1 ni 2.5, gawa kwa 4 zidisha 100 unapata 62.5. Kwenye sehemu hii lazima angalau maswali mawili yawe na jibu, la sivyo haikokotolewi.

Dalili ni maswali manne na hapa angalieni, uvimbe na kulala umekaa vina majibu 5 lakini uchovu na pumzi vina majibu 7, kwahiyo geuza kila swali peke yake kwanza (yale ya 7 unatoa 1 unagawa kwa 6) ndo utafute wastani. Huyu mama tuseme kapata 54.2. Maisha kapata 25, kijamii 41.7. Jumlisha zote nne gawa kwa nne, inakuja kama 46.

HATUA YA 6: Soma alama, halafu fanya kitu
Kwa KCCQ chini ya 25 hali mbaya sana, 25 mpaka 49 mbaya kuelekea wastani, 50 mpaka 74 wastani kuelekea nzuri, 75 kwenda juu nzuri. Mabadiliko ya alama 5 ni madogo ila mgonjwa anayahisi, 10 ni ya kati, 20 ni makubwa. Minnesota nayo wanachukulia 5 kuwa badiliko lenye maana.

Ila msiishie kwenye jumla. Mama yetu wa 46, mwili wake sio mbaya hivyo, kinachomvuta chini ni ile 25 ya maisha anavyoyaona. Huyo kumuongezea dawa ya kukojoa peke yake hakumalizi, kaa naye, uliza nini kinamkalia moyoni, pengine biashara yake ya mikate imesimama na anajiona mzigo kwa wakwe. Nendeni na hiyo namba kwa daktari ikiwa na maelezo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Muheza: Shikamoo. Mama yangu kliniki kila siku anasema hajambo ila nyumbani usiku analala kwenye kiti. Naweza kumjazia mimi?
Jibu: Marahaba mwanangu. Usimjazie, majibu yawe yake. Ila hilo la kiti mwambie nesi au daktari kando, ni dalili nzito na inaandikwa kwenye faili sehemu yake. Na usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke mapema aonwe. Pia mpimeni uzito kila asubuhi baada ya kukojoa kabla ya chai, ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, au akahema hata akiwa amekaa, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mdau mwanafunzi wa uuguzi: Asiyejua kusoma nimsomee, si ndio? Na kwa simu inafaa?
Jibu: Msomee, na kwa simu inafaa pia. Cha msingi njia uliyoanza nayo endelea nayo kwa mgonjwa huyo, leo karatasi kesho simu inakuchanganyia alama. Andika pia ulimsomea au alijaza mwenyewe.

Mdau wa Chumbageni: Kaka mimi mwenyewe mgonjwa, KCCQ yangu ilikuwa 58 sasa 52. Nimeogopa.
Jibu: Pole sana ndugu yangu. Imeshuka 6, ni badiliko dogo lakini sio la kupuuza. Omba wakuoneshe ni sehemu gani imeshuka, kama ni dalili waangalie uzito, chumvi, na kama kuna dawa umeruka au imekuisha. Kama unatumia dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni sema, zinashikilia maji mwilini. Usibadilishe dozi mwenyewe kwa kuangalia namba.

Mdau wa Korogwe: Mzee wangu ana goti bovu, hatembei kwa sababu ya goti sio moyo. Si atapata alama za chini bure?
Jibu: Ndo maana lile jibu la 6 lipo. Mwambie achague hilo kwa kazi ambazo goti ndo linamzuia. Vyote viwili vikimzuia na hawezi kutenganisha, achague anavyohisi kwa moyo, nesi aandike habari ya goti pembeni.

Mdau wa Muheza tena: Asante. Apimwe kila baada ya muda gani?
Jibu: Kila kliniki inatosha, isiwe chini ya wiki mbili tangu alipopimwa mwisho maana dodoso lenyewe linauliza wiki mbili. Akianzishiwa dawa mpya mpime siku ya kuanza, halafu kliniki inayofuata, na nakala ya alama ibaki kwenye daftari lake la nyumbani ili hata akihamishiwa hospitali ya mkoa Bombo au Dar aende nazo.