ZODB: jina la leso, jina la klasi

Mtoto wa ami ana duka la leso Biashara Street. Stoo yake nimeiandika kwa Python, data inalala ndani ya ZODB, hifadhidata inayotunza vitu vya Python vyenyewe. Juzi alijiongezea programu ya ripoti, leso zote zikagoma kusomeka humo. Hatua nilizomwandikia ni hizi.

1. `pip install ZODB`.

2. Shina. Kwenye `root` weka matawi machache tu, `root['leso']` na `root['wateja']`, kila moja ni OOBTree, yaani mti wa funguo na vitu ambao ZODB huujua. Dict (kamusi) ya kawaida ya Python mimi siitaki: ukibadilisha kilichomo ndani, ZODB haina habari.

3. Ufunguo. Usiwe jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. "Wema hauozi" yaweza kuja kwa rangi tatu na miji (michoro ya katikati) tofauti. Ukiingiza ya pili, ya kwanza imefutika kimyakimya. Tumia nambari ya stoo, jina likae ndani ya kitu chenyewe.

4. Makao ya klasi. Hapa ndipo nilipokesha hadi saa nane. ZODB huhifadhi kila kitu pamoja na jina la moduli (faili la Python) na la klasi yake, yaani kielelezo kilichokiunda. Klasi `Leso` nilikuwa nimeiandika ndani ya `anza.py`, faili lile lile ninaloliendesha, na Python faili la namna hiyo huliita `__main__`. Basi leso zote zikasajiliwa `__main__.Leso`. Ripoti haina klasi hiyo, kwa hiyo kila leso ikarudi `Broken`, kitu kilichokosa klasi yake. Tulia, data ipo. Usiandike chochote juu yake.

Hamishia klasi `bidhaa.py`, kisha juu ya `anza.py` weka `from bidhaa import Leso`. Sasa zitasomeka, ila kwenye diski jina la zamani lingalipo. Pitia leso moja moja, kila moja uiite `x`: `x._p_activate()` kuipakia, halafu `x._p_changed = True` ili iandikwe upya. Mimi nikadhani nimemaliza, nikafunga laptopu. Kumbe mti nao, ile OOBTree, huandika jina la klasi kando ya kila rejea ya leso! Ujenge upya: `root['leso'] = OOBTree(root['leso'])`, kisha `transaction.commit()` kuhifadhi. Ndipo ufungue ripoti.

5. Nakala. `Data.fs`, faili la data yenyewe, huongezewa mwishoni tu, ya zamani hayafutiki mpaka `db.pack()`. Nakili kwanza, pack baadaye. Nakala yetu iko kwenye flashi, ndani ya droo ya pesa.