Homu thieta ya zamani, TV mpya: namna ya kuziunganisha ili sauti itoke inavyostahili

Mwongozo huu ni wa mwenye homu thieta ya DVD, zile za spika tano na sabufa. Deki imegoma kusoma diski, TV bapa imeshatundikwa ukutani, na sasa anafikiria kuiuza kwa bei ya kutupa ili anunue saundibaa. Usiuze. Kwenye mitambo hii kinachochoka mapema ni lenzi ya kusomea diski. Amplifaya na spika mara nyingi ni nzima kabisa. Na TV nyembamba haina nafasi ya kuweka spika ya maana, ndiyo maana maneno ya tamthilia hayasikiki vizuri. Wiki hii nimemfungia jirani yangu ya kwake, na hatua ni hizi.

Hatua ya 1: Soma mgongo wa mtambo

Chomoa umeme, ugeuze. Unatafuta tundu la kuingizia sauti: OPTICAL IN (ya waya unaopitisha sauti kwa mwanga), au AUX IN yenye matundu mawili, jekundu na jeupe. Tundu la HDMI OUT linawachanganya wengi. Hilo linapeleka picha ya DVD kwenye TV. Sauti ya TV hairudi kupitia hapo mpaka uone ARC, yaani njia ya kurudisha sauti, imeandikwa kwenye mtambo na kwenye TV. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo mtambo wa 2007 hauna, hata ununue waya wa bei gani.

Hatua ya 2: Toa sauti kwenye TV

Ukiwa na OPTICAL IN, una bahati: waya mmoja wa optiko, kisha chagua chanzo hicho kwenye rimoti. Kwenye TV weka DOLBY DIGITAL ili filamu zenye sauti ya 5.1 (spika tano na sabufa) zigawanyike kwenye spika zote.

Ukiwa na AUX tu, unahitaji kiboksi kidogo cha kubadili optiko kuwa RCA, yaani yale matundu jekundu na jeupe. Kariakoo vimejaa. Tundu la hedifoni la TV nalo linafaa, ila sauti yake kwenye TV nyingi inapanda na kushuka na rimoti ya TV, na inanasa mvumo kirahisi. Mimi nachagua optiko. Bluetooth siitaki kwa filamu: sauti inachelewa, midomo inatangulia.

Kwenye kiboksi ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwanza, viko vya aina mbili na vinafanana kama mapacha. Soma maandishi: unataka DIGITAL TO ANALOG. Kile kingine kinafanya kinyume, hakitatoa sauti ng'o.

Pili, ncha za waya wa optiko huja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu, usipoangalia vizuri huvioni. Vitoe vyote viwili. Washa TV, chomeka upande mmoja, angalia ncha ya pili: iwe na mwanga mwekundu. Hakuna mwanga? Ingia kwenye menyu ya sauti, badilisha towe la sauti kutoka spika za TV kwenda OPTICAL.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mwanga upo, waya ni mzima, lakini kimya. Au taarifa ya habari inasikika vizuri, ukihamia filamu inakata, au inatoa mkwaruzo kama mvua ya mawe juu ya bati. Kiboksi si kibovu, usikirudishe dukani. Vile vya bei nafuu vinaelewa PCM peke yake, yaani sauti ya kidijitali isiyofungwa kwa mfumo kama Dolby. TV ikiwa kwenye AUTO, inapitisha Dolby pale kipindi kinapokuja na Dolby, na kiboksi hakijui kuifungua. Tafuta DIGITAL OUTPUT FORMAT kwenye menyu ya sauti, weka PCM. Kisha fungua menyu ya king'amuzi ufanye vivyo hivyo, kwa sababu TV nyingine zinapitisha kile king'amuzi kilicholeta bila kukigusa. Ukibadilisha TV peke yake, tatizo linaweza kubaki pale pale.

Nne, umeme wa kiboksi. Tundu la USB la TV linatosha, lakini likileta mvumo tumia chaja ya simu.

PCM hapa ni ya stereo. Kama rimoti ina PL II, bonyeza: Pro Logic II inapeleka maneno spika ya katikati na mazingira spika za nyuma.

Hatua ya 3: Chanya na hasi

Ukihama nyumba au ukiunga waya, ni rahisi kugeuza. Spika moja ikigeuzwa, besi inapungua na sauti haina mahali inapotokea. Chomoa spika kwenye mtambo, gusisha betri ya 1.5 V kwenye nyaya zake kwa sekunde moja tu: koni ikisukumwa nje, waya ulio upande wa chanya wa betri ndio chanya. Usibadilishe spika kwa zenye ohm ndogo kuliko zilizoandikwa mgongoni, utaunguza amplifaya.

Hatua ya 4: Sabufa

Itoe kwenye kona. Iweke kwa muda kwenye kiti chako, piga wimbo wenye besi, tembea kandokando ya ukuta. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma, ndipo pa kuiweka, waya ukifika.

Hatua ya 5: Picha

Wengi bado wameunganisha king'amuzi kwa waya wa njano, tangu enzi za TV ya chogo. Waya huo unachanganya mwanga na rangi pamoja, ndiyo maana kingo za vitu zinacheza. Kama king'amuzi chako kina HDMI, tumia hiyo, kisha weka 1080i na 16:9.

Kwenye TV ondoa VIVID, weka MOVIE au CINEMA. Mwanzoni utaona kama kuna umanjano. Vumilia, macho yatazoea. Shusha SHARPNESS mpaka mstari mweupe pembeni mwa herufi upotee. Na kama maandishi ya habari chini ya kioo yamekatika, tafuta JUST SCAN au SCREEN FIT.