Kabla Hujapeleka Picha Zako Galari: Kwa Wachoraji wa Vitu vya Mezani

Anayechora birika, dafu lililopasuliwa, ndimu kwenye ungo au samaki juu ya sinia ana shida ambayo mchoraji wa tembo hana. Picha zake huwa ndogo na tulivu. Mgeni wa Dar es Salaam amezoea Tingatinga, sanaa iliyoanzia hapa hapa jijini miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na rangi hizo humwita tangu mlangoni. Birika lako la shaba halimwiti mtu mpaka awe hatua mbili mbele yake. Kwa hiyo maandalizi mengi ninayoyaeleza hapa yana shabaha moja: mtu asogee, na akishasogea aione kazi yako vizuri.

Anza kwa kupunguza. Nenda galari na futi kamba upime ukuta kabla hujachagua chochote. Picha zenye upana wa sentimita 50 zinapendeza zikiachiana nafasi kama hiyo hiyo, kwa hiyo ukuta wa mita 5 unatosha picha tano, basi. Maonesho yakiwa ya pamoja, omba ukuta wako mwenyewe, hata ukiwa mfupi. Picha ya vikombe viwili ikibanwa kati ya michoro mikubwa yenye rangi kali, hakuna atakayeiona.

Ukiwa hapo, tazama taa. Vitu vya mezani huchorwa mara nyingi kwenye mandharinyuma ya giza, na giza likipakwa vanishi ya kung'aa hugeuka kioo: mtazamaji anaona balbu, dirisha na shati lake mwenyewe. Chukua picha moja, ile yenye giza zaidi, iegemeze ukutani kwenye taa zao wenyewe, kisha isogelee taratibu kutoka kushoto na kulia. Mng'ao ukikusumbua, omba taa isogezwe imulike kutokea juu zaidi, au tumia vanishi isiyong'aa. Angalia pia rangi ya mwanga. Balbu ya njano hula ubuluu wote uliouweka kwenye vivuli vya kitambaa cheupe, na ndimu zako zitaonekana zimeiva kupita kiasi. Kama maonesho yanafunguliwa jioni, fanya jaribio hilo jioni. Na uulize kuhusu jenereta.

Kukauka kunahitaji hesabu ya mapema. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani. Mafuta hufyonza oksijeni ya hewani na kuganda polepole, na tabaka nene huweza kuchukua miezi. Nasi tunaweka rangi nene pale pale panapogusa moyo, kwenye doa la mwanga juu ya shavu la birika, kwenye vinundu vya ganda la ndimu. Basi usipime ukavu pembeni, pima hapo. Vanishi ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi 6 hadi 12. Siku zikiwa hazitoshi, ipo vanishi nyepesi ya muda inayoruhusu rangi kuendelea kukauka.

Rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji, hukauka haraka lakini hulainika kwenye joto. Picha mbili zikilazwa uso kwa uso ndani ya gari lililoegeshwa juani zinaweza kunatana, na ukizibandua rangi inang'oka. Funika uso wa kila picha kwa karatasi ya kuokea keki, weka kadibodi, kisha ndipo uzungushe plastiki ya mapovu. Mapovu hayo yasiguse rangi kamwe, maana huacha alama za duara.

Kwa kutundika, funga vipete vya chuma nyuma ya fremu, kama theluthi moja kutoka juu, na waya usichungulie. Galari nyingi huweka kitovu cha picha kati ya sentimita 145 na 155 kutoka sakafuni. Wewe shikilia kipimo cha chini. Mdomo wa kikombe umeuchora ukiutazama kutoka juu. Picha ikipandishwa, mtu anainua macho kutazama kitu kilichochorwa kama kiko chini ya macho yake, na meza nzima inaonekana kuporomoka. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, bandika vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe za chini kwa nyuma ili hewa ipite; kanvasi iliyogusa ukuta wenye unyevu huota ukungu.

Piga picha za kazi zote kabla ya kuweka vioo, nje kwenye kivuli. Kwenye kibandiko andika jina la kazi, aina ya rangi, vipimo ukianza na kimo, mwaka na bei.

Bei iwe ile ile galari na nyumbani kwako. Kamisheni, yaani sehemu ya bei inayochukuliwa na galari, ya asilimia 30 hadi 50 ni jambo la kawaida, kwa hiyo iingize kwenye hesabu mapema, badala ya kumpandishia mteja siku ya mwisho. Makubaliano yawe ya maandishi: nani analipia usafiri, nani anabeba hasara picha ikichanika, fedha zako zinaingia siku ngapi baada ya mauzo, na zisizouzwa utazichukua tarehe gani. Orodha ya picha isainiwe na pande zote mbili siku ya kuzikabidhi, na nakala moja ubaki nayo.